Mashine ya kuchuja maji inasumbua: anza na dalili, spana baadaye

"Fundi, ile mashine yako imekufa."

"Pole, mama. Tenki la juu lina maji?"

Kimya. Nasikia akimwita kijana apande akachungulie. Baada ya dakika tano anarudi kwenye simu akicheka: "Basi usije, fundi."

Wiki haipiti bila simu ya namna hiyo. Nafunga na kutengeneza mashine za kuchuja maji Dar es Salaam na Kibaha, nyingi za majumbani, chache za vioski na hoteli ndogo. Kazi nyingi ninazoitwa, ugonjwa haumo ndani ya mashine. Umo kabla yake: kwenye tenki, kisimani, kwenye soketi ya umeme. Kwa hiyo hapa kila dalili tutaanzia nje, ndipo tuingie ndani. Usikubali mtu akuuzie membreni mpya (ule utando wa ndani unaotoa chumvi) kabla hajachungulia tenki lako.

Mashine ninayoizungumzia zaidi ni ile ya hatua tano, yenye herufi RO kwenye boksi, yaani reverse osmosis: maji yanasukumwa kwa presha yapenye kwenye utando. Maji yanaanza na filta nyeupe ya mikroni 5 inayokamata mchanga, tope na kutu. Yanapita kaboni ya chembechembe, kisha kaboni ya kushindiliwa, hizo ndizo zinazonyonya klorini na harufu. Yanasukumwa kwenye membreni, ambayo ndiyo inayotoa chumvi. Yaliyochujwa yanakaa kwenye mtungi mdogo wa presha, na yakienda bombani yanapita kaboni moja ndogo ya mwisho. Yaliyoshindwa kupita kwenye membreni yanatoka kwa mrija mwembamba na kumwagwa.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa adapta kwenye soketi, funga koki ya maji yanayoingia, funga koki ya mtungi, kisha fungua bomba la kunywea presha iishe. Piga picha ya mirija yote kwa simu. Mirija hiyo inafanana kama mapacha, na ukichanganya miwili tu, mashine nzima inakwenda kinyume.

Maji hayatoki, au yanatoka kama machozi

Hii ndiyo dalili namba moja, na sababu yake namba moja ni presha. Watu wengi wanaamini tenki likiwa juu ya mnara basi presha ipo. Hesabu yake ni hii: kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Mnara wa mita 4 unakupa bar 0.4. Membreni inataka bar 3 na kuendelea ili ifanye kazi ya maana. Pengo hilo linazibwa na pampu ndogo ya volti 24 iliyo nyuma ya mashine, ila pampu yenyewe ina swichi inayoizima ikihisi maji yanayoingia ni dhaifu. Tenki likikaribia kuisha, au koki ya chini ikiwa imefungwa nusu, pampu inanyamaza na wewe unadhani imeungua. Chungulia tenki, fuata bomba mpaka kwenye mashine, fungua koki zote mpaka mwisho.

Umeme unafuata. Je, LUKU ina uniti? Soketi inafanya kazi? Chomeka chaja ya simu uone. Kama soketi ni nzima na pampu haingurumi kabisa, mara nyingi kilichokufa ni adapta, si pampu. Umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo unaua adapta kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine hizi. Ukinunua nyingine linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye ya zamani. Plagi kuingia vizuri haitoshi.

Tatu, filta ya kwanza imeziba. Kipindi cha masika mto Ruvu unabeba tope, na hata maji yaliyotibiwa yanaweza kukufikia yakiwa na wingu. Fungua kopo la kwanza, yaani ganda la plastiki linalobeba filta hiyo. Filta mpya ni nyeupe kama pamba. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ivumilie kidogo. Ikiwa ya udongo wa tofali na inateleza ukiigusa, badilisha. Wanaosema "badilisha kila miezi sita" wanasema kwa wastani. Nina mteja Mbezi anayetumia maji ya kisima chenye kutu, filta yake ya kwanza haimalizi miezi miwili, na jirani yake wa maji ya bomba anakaa nayo miezi minane.

Nne, mtungi umeishiwa upepo. Dalili yake haijifichi: glasi ya kwanza inatoka vizuri, ya pili inadondoka tone kwa tone. Unyanyue mtungi. Ukiwa mwepesi, haujajaa, basi rudi kwenye sababu zilizotangulia. Ukiwa mzito na maji hayaji, tatizo ni upepo. Funga maji yanayoingia, mwaga maji yote ya mtungi, kisha tafuta kofia ndogo ya plastiki ubavuni au chini yake. Ndani kuna valvu kama ya tairi la gari. Pima kwa geji ya tairi. Mtungi mtupu unatakiwa kuwa na psi 5 mpaka 7 (psi ni kile kipimo cha upepo cha kwenye geji ya tairi), ambao ni upepo kidogo sana ukilinganisha na tairi, kwa hiyo jaza kwa pampu ya mkono na si kwa kompresa ya gereji. Ukibonyeza valvu yakatoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka. Hapo hakuna kuziba. Nunua mtungi mwingine.

Ukishapita yote hayo ndipo uishuku membreni, na usiishuku kwa macho, ipime. Funga koki ya mtungi, fungua bomba la kunywea, subiri mtiririko utulie, kisha kinga maji kwa dakika moja kwenye kikombe chenye vipimo. Membreni iliyoandikwa galoni 75 kwa siku ni lita 284 kwa siku, sawa na karibu mililita 200 kwa dakika katika hali nzuri. Maji yako yakiwa ya chumvi utapata pungufu, na hiyo ni kawaida. Ukipata mililita 50 na filta zote ni mpya na pampu inanguruma, membreni imejaa chokaa au uchafu. Kabla ya kuibadilisha, toa ile kaboni ndogo ya mwisho na upime tena bila hiyo. Mara nyingine yeye ndiye aliyeziba njia, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na membreni.

Maji yana chumvi, au kipimo cha TDS kimepanda

Mwaka juzi niliitwa Tegeta na dada mwenye saluni. Kipimo chake cha TDS, kile kidogo kama kalamu kinachopima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kilikuwa kikisoma 20 siku zote. Ghafla kinasoma 120. Alishaambiwa membreni imekufa na bei ameshatajiwa. Nikamwomba kitu kimoja: nipime maji yanayoingia. Kipimo kikasoma 1,800. "Haya maji ya wapi, dada?" "Bomba limekatika wiki, tumeleta boza." Boza lilikuwa limechota maji yake kisimani. Zamani aliingiza 300 na kutoa 20. Sasa anaingiza 1,800 na kutoa 120. Piga hesabu: mara zote mbili membreni inatoa kama asilimia 93 ya chumvi. Ilikuwa nzima kama siku ilipofungwa.

Kwa hiyo pima yanayoingia na yanayotoka, siku hiyohiyo, kwa kipimo kilekile. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza, gawa kwa ya kwanza. Ukipata zaidi ya asilimia 90, tulia. Kati ya 80 na 90, anza kuweka akiba. Chini ya 80, tafuta kosa kwa mpangilio huu.

Kwanza mwaga glasi mbili tatu. Mashine ikilala usiku kucha, chumvi kidogo hupenya polepole na glasi ya asubuhi husoma juu. Pili, angalia presha, maana membreni isiyosukumwa vya kutosha inapitisha chumvi nyingi kwa kila lita. Tatu, kama membreni imebadilishwa karibuni, huenda haikuingia mpaka mwisho, au oringi zake mbili ndogo (pete za mpira za kuzuia kuvuja) zimekunjwa. Ichomoe, paka oringi grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, isukume kwa kidole gumba mpaka usikie imekaa. Usitumie vaselini, inaharibu mpira. Nne, kaboni zimechoka na klorini imeilamba membreni. Hili halirekebishiki. Klorini inaitoboa membreni kwa kemikali polepole: maji yanaanza kutoka mengi kuliko kawaida huku yana chumvi. Ukiona mashine kuukuu imepata "nguvu mpya" ghafla, usishangilie.

Kuna malalamiko ambayo hayana dawa ya spana. Mtu amenunua mashine ya hatua tano, sita, hata saba, halafu maji ya kisima cha Kigamboni yanatoka na chumvi ileile. Ukifungua ndani hakuna membreni. Ni filta za tope na kaboni zilizopangwa foleni. Kaboni haitoi chumvi hata ukipanga kumi. Idadi ya hatua ni ya kuuzia, uliza kuna nini ndani ya kila moja. Vilevile usitishike na yule muuzaji anayetumbukiza vyuma viwili vya umeme kwenye glasi yako na maji kugeuka ya kahawia. Kile ni chuma chenyewe kinachoyeyuka kwa sababu maji yana madini ya kupitisha umeme. Hata maji safi ya chemchemi yatageuka.

TDS haikuambii kuhusu vijidudu. Maji yenye namba 15 yanaweza kuwa na bakteria. Haikuambii floridi pia. Ndugu zangu wa Arusha, Kilimanjaro na Singida mnalijua hili kwa meno ya watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingine vya kuzunguka Mlima Meru vinapita hapo mbali. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floridi inabaki. Membreni nzima inaipunguza sana, kaboni ya kawaida haiigusi. Hapa usibahatishe kwa ulimi: peleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu nawe, kabla na baada ya mashine.

Maji ya kutupwa hayaachi kutiririka

Mtungi umejaa, hakuna anayekinga, lakini mrija wa maji ya kutupwa unaimba usiku kucha. Mashine inapofanya kazi ni kawaida kutupa lita mbili tatu kwa kila lita moja ya kunywa (kinga kwenye ndoo, oshea choo, fulia mazulia). Mtungi ukijaa inatakiwa inyamaze.

Funga koki ya mtungi, subiri dakika kumi. Mrija ukinyamaza, mashine ni nzima. Mtungi ndio umeishiwa upepo au kuna bomba linavuja mbele. Usiponyamaza, fungua tena koki ya mtungi na sasa funga maji yanayoingia. Mrija ukiendelea kutiririka hata hapo, maji ya mtungi yanarudi nyuma: valvu ya kuzuia kurudi, ile iliyo kwenye kiwiko cha membreni, imekwama au ina mchanga. Ukinyamaza, basi valvu ya kujifunga yenyewe haifungi. Zote mbili ni ndogo, bei nafuu, na zina mshale unaoonyesha njia ya maji. Angalia mshale kabla ya kuchomeka.

Harufu, rangi, na mambo ya kutisha yasiyotisha

Maji meupe kama maziwa: yaache mezani dakika mbili. Yakiwa yanang'aa kuanzia chini kwenda juu, ni hewa tu, hutokea sana baada ya kubadilisha filta. Yakiacha unga chini, si hewa, mpigie fundi.

Maji meusi: kaboni mpya haikuoshwa. Mwaga mpaka yawe safi, na safari ijayo osha kaboni kabla maji yake hayajafika kwenye membreni.

Yanatoka safi kisimani halafu yanageuka ya kutu yakikaa kwenye ndoo: ni chuma kilichoyeyuka. Mashine ya jikoni haikuumbwa kwa hilo, itaziba kila wiki. Tibu kwenye kisima au tenki kwanza.

Harufu ya klorini inamaanisha kaboni zimekwisha, na membreni iko hatarini, kwa hiyo badilisha leo, si mwisho wa mwezi. Harufu ya yai viza ni habari nyingine. Nusa maji ya tenki kwanza. Kama nayo yananuka, chimbuko ni kisima au tenki lisilosafishwa. Kama ya tenki ni safi na ya mashine yananuka, filta zimekaa muda mrefu mno au nyumba ilikuwa haina watu miezi kadhaa. Toa filta zote pamoja na membreni. Weka vijiko viwili vya chai vya jiki isiyo na harufu kwenye kopo la kwanza, jaza maji mashine na mtungi, acha nusu saa, kisha mwaga na suuza mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Ndipo urudishe filta mpya. Nasisitiza membreni itoke kwanza kwa sababu nimeshakuta watu watatu walioiua kwa usafi.

Inavuja

Karibu kila mara ni oringi ya kopo: imekauka, imekunjwa au imeachwa ndani ya kopo jingine. Ifute, ipake grisi ya silikoni, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana yake. Kukaza kwa nguvu zote ndiko kunakopasua makopo. Mrija unaovuja kwenye kiungio, ukate ncha kwa wembe, moja kwa moja bila mshazari, uuchomeke upya mpaka mwisho. Kopo lenye ufa usiligundishe. Funga koki kuu, acha. Likipasuka usiku, presha ya bomba la mtaa ikiwa imepanda, utaamkia bwawa jikoni.

Maji yakiwa yamefika kwenye adapta, kebo ya nyongeza au soketi, usiingize mkono. Zima swichi kuu ya nyumba kwanza.

Taa ya UV inawaka, lakini tumbo linauma

Mashine nyingine zina taa ya UV, yaani ya mionzi ya kuua vijidudu. Taa kuwaka si ushahidi kwamba inaua vijidudu. Nguvu yake huisha baada ya saa kama 9,000, karibu mwaka mmoja ikiwaka mfululizo, huku mwanga wa bluu ukiendelea kupendeza. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino mzito kwenye mashine. Bomba la kioo linaloizunguka likishika ukungu wa chokaa, mionzi haipiti. Lifute kwa siki. Umeme ukikatika na mtungi bado una presha, maji yanayopita hapo hayajatibiwa. Usiitazame ikiwa imewaka nje ya ganda lake, na ikivunjika fungua madirisha, ina zebaki.

Kama zaidi ya mtu mmoja nyumbani anaharisha, au mafuriko yamefunika kisima, au shimo la choo limefurika karibu nacho, acha kutengeneza. Chemsheni maji ya kunywa, wagonjwa waende kituo cha afya, na sampuli iende maabara.

Kwa wenye vioski, hoteli na migahawa

Mashine kubwa ina geji mbili za kukuambia ukweli: kabla ya filta na baada yake. Ziandike kwenye daftari kila asubuhi. Siku ya kwanza tofauti yao ni ndogo. Ikianza kukua, filta inaziba. Mtungi wa mchanga unaoshwa kwa kurudisha maji kinyume mpaka yatoke safi, na wengi wanakatisha mapema ili kuokoa maji, kisha wananiita.

Mashine ya kulainisha maji (ile ya kupunguza chokaa) isipolainisha, fungua pipa la chumvi kabla ya kitu kingine. Mara nyingi chumvi imeganda juu kama daraja na chini ni patupu. Igonge kwa mpini wa fagio, taratibu. Ikiwa pipa ni zima na vyombo bado vina madoa meupe, mpangilio wa saa wa kujisafisha umepotea baada ya umeme kukatika, hilo linarekebishwa kwenye kichwa cha mashine.

Membreni kubwa za inchi 4 zinasukumwa na pampu ya presha kubwa. Usifungue kifuniko cha ganda lake kwa sababu tu pampu imezimwa. Presha inaweza kubaki ndani na kifuniko kikatoka kama risasi. Kuzisafisha kwa asidi na magadi ya viwandani, kurekebisha pampu ya dawa ya kuzuia chokaa, na chochote cha umeme wa fezi tatu, mwachie mtu wa kazi hiyo. Kama maji hayo yanakwenda kwenye mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, hata filta ya kwanza usiibadilishe mwenyewe.

Ukinipigia, au ukimpigia fundi yeyote, uwe na vitu vinne mkononi: TDS inayoingia na inayotoka, mililita ulizokinga kwa dakika moja, maji yako ni ya bomba, kisima au boza, na ile picha ya mirija.